Meza ya Don Otavio na Chumba cha Eduviges

Mtu akifika katika nyumba ya wageni huuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: nitalala wapi, na nitakula nini. Maswali haya ni ya haki, wala hayana aibu. Lakini mtu huyo akisha kurudi kwao na kushika kalamu ili aandike kitabu cha safari, maswali yaliyomtosha njiani hayamtoshi tena. Msomaji hatalala katika kitanda kile wala hataonja mchuzi ule. Atakacho ni kuijua nchi na watu wake. Kwa hiyo yafaa tumwulize mwandishi swali la tatu, ambalo msafiri mwenye njaa hana nafasi ya kulifikiri: chakula hiki kimetoka katika mikono ya nani, na nyumba hii imesimama juu ya nini?

Kwa swali hilo nitavipima vitabu viwili ambavyo mambo yake yanatukia mashambani nchini Meksiko. Cha kwanza ni kitabu cha safari cha Sybille Bedford, mwanamke aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1911 na kuandika vitabu vyake kwa Kiingereza. Kilichapishwa mwaka 1953 kwa jina la The Sudden View, na mwaka 1960 kikatolewa tena kwa jina linalojulikana zaidi leo, A Visit to Don Otavio. Cha pili ni riwaya fupi ya Juan Rulfo, Pedro Páramo, iliyotoka kwa Kihispania mwaka 1955. Mimi nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza. Ziwa Chapala, ambako Bedford alikaribishwa, limo katika jimbo la Jalisco, magharibi ya nchi, na Rulfo alizaliwa kusini ya jimbo hilo hilo mwaka 1917. Mji wa Comala uliomo katika riwaya yake ni wa kubuni, ingawa mji wenye jina hilo upo kweli katika jimbo jirani la Colima. Lakini joto lake, vumbi lake na vilima vyake ni vya nchi aliyoijua utotoni. Basi tunao wageni wawili waliobisha hodi katika ujirani mmoja. Mmoja alipata karamu, na mwingine hakupata hata kitanda.

Bedford alisafiri mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Alipanda gari la moshi mjini New York pamoja na rafiki yake, ambaye katika kitabu anaitwa E. tu. Huyu E. ni mtu wa vitabu na mazungumzo marefu. Taabu za njiani hazimvutii hata kidogo, na manung'uniko yake ni nusu ya kichekesho cha kitabu kizima. Baada ya kuhangaika katika mabasi na katika miji mingi walifika mahali ambapo mwandishi anapaita San Pedro Tlayacán, kando ya ziwa, nyumbani kwa Don Otavio. Bwana huyu ni wa ukoo wa kale ulioishiwa mali. Mfukoni hana kitu, lakini ana watumishi 17. Jamaa zake wana shauri la kuigeuza nyumba iwe hoteli, na shauri hilo linasukwa na kusukwa upya mbele ya wageni wake, ambao wakati huo huo wanaoga ziwani, wanalala mchana, na kula.

Na chakula chenyewe kinaandikwa kwa heshima. Hapo ndipo sifa ya kwanza ya Bedford ilipo. Waandishi wengi wa safari wakifika mezani husema kwamba chakula kilikuwa kitamu, kisha wakaendelea na safari, kana kwamba utamu ni neno linalojieleza. Bedford hafanyi hivyo. Anajua kwamba mlo wa mchana wa Meksiko una taratibu zake: supu kwanza, kisha wali au tambi zinazopewa cheo cha supu kavu, kisha kitoweo chenyewe, kisha maharagwe, ambayo hayakosekani hata kama mtu amekwisha kushiba. Anajua tofauti ya pilipili na pilipili. Hakimbilii kulaumu asichokizoea, wala hasifu kitu kwa sababu tu ni kigeni. Aliandika kitabu hiki akiwa amekwisha kurudi Ulaya, mambo yakiwa yamekwisha kutulia akilini, na utulivu huo unaonekana katika kila ukurasa.

Sifa ya pili ni mazungumzo. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi ya kuwafanya watu wanene katika maandishi, kila mtu kwa ulimi wake mwenyewe, na asome maongezi ya Don Otavio na jamaa zake juu ya hoteli ile. Adabu yao ni nyingi mno hata ugomvi wao unafanana na salamu. Bedford anajicheka mwenyewe na kuwacheka wageni wenziwe kabla ya kumcheka mwenyeji. Wala si mtu asiyejua historia: anasimulia vizuri habari za Maximilian, mtoto wa wafalme wa Austria aliyefanywa mfalme wa Meksiko kwa nguvu za Wafaransa, akapigwa risasi Querétaro mwaka 1867. Nimekisoma kitabu hiki mara mbili, na mara zote mbili nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini katika mara ya pili kuna mahali ambapo kicheko kilinikwama. Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ya Don Otavio siku ya tatu inapita, na ya kumi na tatu, na jembe halitolewi. Hilo si kosa la mgeni, mwenyeji hakulitoa. Kosa, ikiwa ni kosa, ni la mwandishi, kwa sababu kitabu kizima kinatazama mambo kutoka barazani. Watumishi huingia na kutoka; wanapendwa na wanachekesha; na hata tunapofika jikoni, tunafika kama wageni, tukinusa vyungu. Mtu asiye na fedha anawalishaje watu 17? Na watu 17 wanaishije kwa bwana asiye na fedha? Kwa Bedford hiki ni kichekesho kitamu cha ungwana uliofilisika. Mimi naona ni kitendawili, na jibu lake halimo barazani.

Jibu limo katika ardhi. Kabla ya Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, mashamba makubwa ya Meksiko yalimilikiwa na koo chache, na vibarua wengi walifungwa humo kwa deni: walikopa mahindi na nguo katika duka la bwana, na deni likamfuata baba hata likamrithi mtoto. Baada ya Mapinduzi ardhi ilianza kugawanywa, na kazi hiyo ilifanywa kwa nguvu zaidi katika utawala wa rais Lázaro Cárdenas, kati ya mwaka 1934 na 1940. Don Otavio ni masalio ya koo zilizopungukiwa hivyo. Mali ilikwisha kwenda, lakini mazoea ya kutumikiwa na mazoea ya kutumika yalibaki nyumbani. Bedford anazijua habari hizi na anazigusa. Ila anazigusa kama mtu anayepitisha mkono juu ya kitambaa cha meza.

Nieleze kwa nini jambo hili linanichoma. Shangazi yangu alikuwa mpishi kwa miaka mingi katika nyumba ndogo ya wageni kando ya barabara iendayo Nakuru. Palikuwa na kitabu cha wageni mlangoni, ambamo kila aondokaye aliandika maneno machache kwa Kiingereza. Siku moja, nilipokuwa mwanafunzi kama ninyi, aliniita baada ya kazi akaniomba nimsomee. Nikamsomea kurasa tatu au nne: mandhari ya bonde ni mazuri ajabu, vitanda ni safi, ndege waliimba asubuhi. Alikuwa akikausha mikono kwa kanga, akingoja. Hatimaye nikafika mahali palipoandikwa kwamba chakula kilikuwa kizuri sana. Akauliza, “Kilipikwa na nani?” Nikamwambia, “Shangazi, hawakuandika.” Akacheka, akasema, “Basi kilijipika chenyewe,” akarudi jikoni kufunika moto.

Mwenzake mmoja wa kazi hiyo alipata bahati zaidi. Karen Blixen, Mdenmaki aliyeishi chini ya vilima vya Ngong kati ya mwaka 1914 na 1931, alimwandika mpishi wake Kamante kwa jina lake katika kitabu cha Out of Africa cha mwaka 1937. Anasimulia kwamba Kamante aliwapikia wageni vyakula vya Kizungu ambavyo mabingwa wangevistaajabia, na hali yeye mwenyewe hakuvitamani hata kidogo. Alipenda mahindi ya kuchoma ya wazee wake. Kisa hiki ni kizuri. Lakini ni kisa cha mwenye nyumba juu ya mpishi wake, na maneno ya Kamante mwenyewe hayakupata kitabu mpaka mwaka 1975. Ni miaka 38 baadaye. Aliyekula alisikiwa mara moja, aliyepika alingoja.

Turudi Meksiko, kwa kuwa mahindi hayo ya Kamante asili yake ni huko. Wazee wetu waliyaita kwa jina la India, lakini mmea huu ulilimwa kwanza kusini ya Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, ukavuka bahari baada ya safari za Columbus. Sasa angalia chapati ndogo ya mahindi iitwayo tortila, ambayo kila mgeni huiona mezani na kuiona kama sisi tuonavyo maji. Ili ifike mezani asubuhi, mwanamke alianza kazi jana. Alichemsha punje za mahindi katika maji yenye chokaa, akaziacha humo usiku kucha, akaziosha mpaka maganda yakatoka, kisha akapiga magoti mbele ya jiwe pana lenye miguu mitatu, liitwalo metate, akazisaga kwa jiwe jingine la mviringo zikawa kinyunga laini. Kinyunga hicho alikigawa vidonge, akavipiga baina ya viganja vikawa vyembamba na duara, akavioka juu ya kaango la udongo lisilo mafuta. Kabla ya vinu vya mashine kuenea vijijini katika karne ya 20, kazi hii ilikula saa nyingi za kila siku ya Mungu. Watu wa nyumba moja huweza kula tortila kadhaa kila mmoja, mara mbili au tatu kwa siku; na watumishi 17, wageni wawili na bwana mmoja ni watu 20.

Mtu atasema kwamba haya ni mambo ya upishi, si ya uhakiki. Asubiri kidogo. Ile chokaa si ya kulainisha ganda tu. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa ndani kwa namna ambayo mwili wa mtu hauwezi kuitumia, chokaa huifungua. Wanawake wa Meksiko hawakulijua neno niasini, lakini njia yake waliijua kwa maelfu ya miaka. Wageni walipoyachukua mahindi kwenda kwao waliichukua mbegu na kuiacha njia. Maskini wa kaskazini ya Italia, na baadaye maskini wa kusini ya Marekani, waliokula mahindi karibu peke yake, wakashikwa na ugonjwa wa pelagra, unaochubua ngozi, unaoharibu tumbo na kupotosha akili, na wengi wakafa. Daktari mmoja wa Hispania aliueleza ugonjwa huo mwaka 1735. Waganga walihangaika kutafuta sababu yake mpaka karne ya 20. Kabla ya hapo, kwa miaka mia kadhaa, wasafiri waliopita Meksiko waliwaona wanawake wamepiga magoti mbele ya lile jiwe, na wengi wao waliandika kwamba tazamo hilo linapendeza. Kuuliza mpishi anafanya nini, na kwa nini anafanya hivyo, si adabu tu, basi.

Sidai kwamba kila mgeni ni kipofu. Frances Calderón de la Barca, Mskoti aliyeolewa na balozi wa kwanza wa Hispania nchini Meksiko, aliishi huko kuanzia mwisho wa mwaka 1839 hata mwanzo wa 1842, na barua zake zilichapishwa mwaka 1843. Mwanzoni aliichukia harufu ya pulke, pombe ya utomvu wa mmea wa magei. Baadaye akakiri kwamba ameizoea na kuiona nzuri. Mwandishi anayekubali kubadilika mbele ya macho yetu ni wa kuaminiwa.

Yuko na Graham Greene, Mwingereza, aliyepita Tabasco na Chiapas mwaka 1938 kuchunguza mateso ya Kanisa, akaandika The Lawless Roads mwaka 1939. Kitabu hiki kimejaa kinyongo. Joto linamchukiza, chakula kinamchukiza, hata sura za watu zinamchukiza, na msomaji huchoka kuwa msafiri pamoja na mtu asiyependa chochote. Lakini usiku mmoja, akiwa katika safari ya nyumbu, alipata malazi kwa mzee mmoja aliyekuwa karibu kufa kwa njaa. Kibanda kilikuwa na rundo la mahindi na panya waliochimba ndani yake. Mzee alimpa mgeni mahali pake pa kulala, hakutaja malipo, akawa anazungumza naye polepole gizani. Na Greene, yule yule aliyelaumu kila hoteli, anaandika kwamba hapo alijiona amerudi kati ya watu wa mbinguni. Katika kitabu chote sijapata ukurasa unaoushinda huo. Sababu naiona kuwa ni hii: usiku ule hapakuwa na baraza wala jiko, mgeni na mwenyeji walilala upande mmoja wa ukuta, na mgeni hakuwa na budi kuona kile chakula kinamgharimu nani. Mlo wa kifahari zaidi usingemfundisha hivyo.

Sasa tuingie Comala.

Juan Preciado anakwenda huko kwa sababu mama yake, Dolores, akiwa kufani, alimwagiza amtafute baba yake, Pedro Páramo, amdai haki yao. Mama alikuwa amemsimulia mji wa kijani kibichi, wenye harufu ya asali na mkate mpya. Mwana anakuta joto na nyumba tupu. Njiani anafuatana na mchunga punda aitwaye Abundio, ambaye anamwambia mambo mawili kwa utulivu wa ajabu: kwamba yeye naye ni mwana wa Pedro Páramo, na kwamba Pedro Páramo amekwisha kufa miaka mingi. Kisha anamwelekeza mahali pa kulala, kwa bibi mmoja, Eduviges Dyada.

Eduviges anafungua mlango kama mtu aliyekuwa akimngoja. Anasema mama yake Juan amempa habari leo hii kwamba mwanawe atafika. Kijana anamjibu kwamba mama amekufa. Bibi hashangai, anasema basi ndiyo sababu sauti yake ilikuwa dhaifu. Anampitisha katika vyumba vya giza vilivyojaa vyombo vya watu waliouhama mji, wakaviweka hapo wakisema watarudi, wasirudi. Chumba alichomtengea mgeni ni kitupu. Hakuna kitanda. Bibi anamwambia kwamba mtu mchovu hahitaji godoro, kitanda kitapatikana kesho. Anamkaribisha aje ale kitu, chochote kile. Kijana anasema atakuja baadaye.

Ninyi mmezoea hadithi za mizimu, na labda mmekwisha kujua kwamba huyu bibi amekufa. Naam, amekufa, na Juan Preciado atalijua jambo hilo baadaye kuliko ninyi. Lakini msisimame kwenye kutisha peke yake, kama walivyofanya baadhi ya wanafunzi wangu. Usiku ule mgeni anasikia ukelele wa mtu chumbani, na hakuna mtu. Mwanamke mwingine, Damiana Cisneros, ndiye anayemweleza: katika chumba hicho ndimo aliponyongwa Toribio Aldrete. Na Toribio Aldrete alinyongwa kwa nini? Kwa ugomvi wa mipaka ya shamba, baina yake na Pedro Páramo.

Hapa swali letu la tatu linajibiwa na ukuta wenyewe. Nyumba ya wageni ya Comala imesimama juu ya ardhi iliyonyang'anywa, na mgeni aliyelazwa sakafuni anaisikia ardhi hiyo ikilia. Kadiri tunavyoendelea kusoma tunajua zaidi. Pedro Páramo alirithi madeni, na mdai wake mkubwa alikuwa ukoo wa Preciado. Basi akamwoa Dolores, deni likafutika na mashamba ya mke yakawa yake. Baadaye, Susana San Juan aliyempenda alipofariki, kengele zililia siku nyingi mno hata watu wa nje wakadhani ni sikukuu, wakaja na ngoma na michezo. Pedro Páramo akaapa kwamba atakunja mikono yake, na Comala ife njaa. Akaikunja. Meza tupu ya Eduviges, basi, haikuletwa na ukame wala na bahati mbaya. Bwana mmoja aliamua.

Rulfo hakuyasoma haya vitabuni tu. Baba yake aliuawa mwaka 1923, yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1929 Jalisco ilikuwa uwanja wa vita baina ya serikali na wakulima waliopigania Kanisa. Mama yake akafariki mwaka 1927, naye akapelekwa katika nyumba ya mayatima mjini Guadalajara. Watu waliouhama mji na kuacha vyombo vyao walikuwa watu wa kwao.

Mwanafunzi mmoja aliniambia darasani, “Mwalimu, unamwonea yule mama. Alikwenda kupumzika, na mwingine alikwenda kudai urithi. Tena kimoja ni kitabu cha safari na kingine ni riwaya.” Nilimpa haki yake, na nampa hapa pia. Mwandishi wa riwaya anaweza kumfufua aliyenyongwa ili aseme, msafiri hawezi. Lakini Bedford naye alimficha mwenyeji wake chini ya jina la kubuni na kumpanga kama mtu wa hadithi, kwa hiyo mlango wa ubunifu hakuufunga. Tena kuhusu nia ya safari, kijana yule alisema kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Aendaye kupumzika husikia ndege. Aendaye na wosia wa mama yake husikia ukuta. Sitaki Bedford asiandike habari za ndege, maana Ziwa Chapala ni zuri kweli. Nataka tu msomaji wake ajue kwamba maili chache kutoka baraza ile palikuwa na kuta za namna nyingine.

Wala sisemi kwamba Rulfo amemshinda katika kila jambo. Riwaya yake ni ngumu. Sauti hubadilika bila onyo, wafu na walio hai wanachanganyika, na mwanafunzi aisomaye mara moja atapotea kama Juan Preciado mwenyewe. Bedford angekaa na msomaji huyo, akamtilia kinywaji na kumweleza yote kwa upole. Rulfo anamwacha katikati ya uwanja usiku. Tena hana kicheko hata kidogo, na nchi isiyocheka haijaandikwa yote. Watumishi 17 wa Don Otavio, nina hakika, walicheka sana jikoni, na huenda waliwacheka wale wageni wawili.

Lakini kuna mahali pamoja katika Pedro Páramo ambapo mimi nimepapendelea kupita pote. Baada ya kutoka kwa Eduviges, Juan Preciado anapokewa na watu wawili, Donis na mwanamke anayeishi naye, katika nyumba ambayo nusu ya paa lake limeanguka. Mwanamke huyu hana hata jina katika riwaya. Mgeni ni mgonjwa na hajala. Baadaye anaamka, anakuta chakula kidogo kimewekwa. Mwanamke anamweleza kilikotoka: amekipata kwa dada yake, na ili akipate ametoa shuka safi alizokuwa amezihifadhi tangu zamani za mama yake.